Kifaranga ameumia shingo? Kwanza waangalie wenzake

Kunguru akishuka uani hakawii. Asubuhi moja huko Mwabungo, kusini mwa Diani, mama mmoja mfugaji alimwona kifaranga wake wa wiki 2 akinyakuliwa kwa shingo mpaka juu ya paa la makuti, kisha akaachiliwa baada ya mama kuku kuruka na kelele kuzidi. Alipookotwa alikuwa hai, lakini shingo imepinda upande mmoja na kichwa kinaning'inia. Majirani hawakukosa ushauri. Mmoja alisema achinjwe kabla hajawa mzoga, mwingine akaja na kichupa cha mafuta ya taa apakwe kidondani. Yule mama hakukubali la huyu wala la yule. Alimpigia simu afisa wa mifugo wa wadi, na swali la kwanza aliloulizwa halikumhusu kifaranga huyo hata kidogo. Aliulizwa: wale wengine wako vipi?

Swali hilo lina sababu. Shingo iliyopinda inaweza kuwa jeraha la mmoja, na inaweza kuwa dalili ya ugonjwa utakaomaliza kuku wa kijiji kizima.

Jeraha lina chanzo chake: kunguru, mwewe, paka, mlango wa banda uliomfinya, mtoto aliyemshika vibaya, au koo mgeni aliyemdonoa. Huwa ni kifaranga mmoja, huanza ghafla, na mara nyingi utaona damu, uvimbe au manyoya yaliyong'oka. Wenzake wanakula na kukimbia kama kawaida.

Kideri hakiji hivyo. Ugonjwa huu wa virusi hupinda shingo na kuyumbisha miguu, lakini pamoja na hayo utaona kuku kadhaa wamezubaa, wanakoroma au kuhema mdomo wazi, wanaharisha kijani, na vifo vinafuatana. Dalili huonekana kwa kawaida kati ya siku 2 na 15 tangu kuku aambukizwe, kwa hiyo kuku mgeni aliyeletwa kutoka sokoni wiki iliyopita ni wa kutiliwa shaka. Pwani yetu inaujua ugonjwa huu zamani: kisa cha kwanza kilichoandikwa nchini Kenya kilikuwa Mombasa, mwaka 1935.

Ukiona dalili za kideri, usitibu shingo. Watenge wagonjwa, usiuze wala usigawe kuku, na utoe taarifa kwa afisa wa mifugo siku hiyo hiyo. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, inamtaka mwenye mifugo afanye hivyo. Hapa ndipo mazoea yetu ya kumuwahi kuku kwa kisu yanapotuponza: kuku mgonjwa anachinjwa, nyama inagawiwa kwa jirani, manyoya na matumbo yanatupwa jaani, na kufika jioni kunguru na mbwa wameshayasambaza mitaa mitatu.

Saa ya kwanza

Tuseme umeridhika kwamba ni jeraha. Mtoe kifaranga kwa wenzake mara moja, maana kuku wakiona damu hudonoa, na wanaweza kumuua waliyekuwa wakilala naye ubawa mmoja. Mweke kwenye boksi la karatasi lenye matundu ya hewa na kitambaa safi chini. Gazeti tupu huteleza, na kifaranga anayeteleza hujipinda zaidi. Boksi likae mahali pa kimya, penye giza kidogo, pasipofikiwa na siafu.

Kama damu inatoka, bonyeza taratibu kwa kitambaa safi kwa dakika chache bila kuchungulia kila mara. Ukishikilia shingo, angalia usimzibe pumzi. Damu ikikatika, osha kidonda kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita. Kama una dawa ya ayodini, izimue kwa maji mpaka iwe na rangi ya chai ya rangi, kisha upake kidogo. Mafuta ya taa, oili chafu ya gari, majivu na maji ya betri havitibu kidonda. Vinaunguza nyama au kuingiza uchafu. Joto letu pia lina nzi wengi, na kidonda kilichoachwa wazi kinaweza kuwa na funza baada ya siku moja au mbili. Kikague asubuhi na jioni.

Shingo yenyewe usiivute wala usiinyooshe kwa nguvu. Wengi hukosea hapa kwa nia njema kabisa. Kama ni msuli umetenguka, kuuvuta kunauchana. Kama ni mfupa, unaweza kukata uti wa mgongo papo hapo. Chukua kitambaa laini, kisokote duara kama kata ile wanayojitwika nayo akina mama ndoo ya maji, kisha mkalishe kifaranga katikati ili shingo na kidevu viegemee ukingo wake. Kata huchukua uzito wa kichwa, na msuli unapata kupumzika.

Kisha joto. Kifaranga wa wiki ya kwanza huhitaji nyuzi joto kati ya 32 na 35, na kila wiki hupungua kiasi cha nyuzi 3. Mchana wa Diani utakusaidia, lakini usiku wa kusi, miezi ya Juni mpaka Agosti, mvua na upepo humtetemesha kifaranga asiye na ubawa wa mamake. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, ikawekwa upande mmoja wa boksi, inatosha. Akiona joto limezidi atasogea. Asiyeweza kusogea usimwegemeze chupani, bali mguse mara kwa mara. Jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa usilitie kabisa. Hewa yake humuua kifaranga, na nyinyi mliolala humo pia.

Kula na kunywa

Kifaranga mwenye shingo mbaya hufa kwa kiu na njaa zaidi ya anavyokufa kwa jeraha lenyewe. Anaona maji lakini mdomo haufiki. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano, au ncha ya kijiti safi, umtilie tone moja pembeni mwa mdomo na usubiri alimeze. Usimpigie maji kooni: tundu la pumzi liko nyuma ya ulimi, na maji yakiingia humo yanakwenda mapafuni. Chakula chake cha vifaranga kiloweke kiwe uji mzito, ukitaka uchanganye na kiini cha yai lililochemshwa, umpe kidogo kidogo kila baada ya saa 2 au 3 mchana. Pitisha kidole kwenye gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo. Likiwa bado limejaa, ngoja. Kila siku tupa uji uliobaki, maana huchacha upesi.

Kuna shingo nyingine inayopinda bila jeraha wala kideri: ya kukosa vitamini. Kifaranga hurudisha kichwa nyuma akatazama juu kama anayehesabu nyota, au hukipinda mpaka chini ya kifua. Kwa vitamini B1 kuna kisa maarufu. Katika miaka ya 1890 daktari Mholanzi, Christiaan Eijkman, alikuwa akifanya kazi Batavia, mji unaoitwa leo Jakarta. Kuku wake walianza kuyumba na kulegea miguu, kisha wakapona bila dawa. Ikabainika kwamba walikuwa wakilishwa wali mweupe wa jikoni mwa hospitali ya jeshi, mpaka mpishi mpya alipokataa kuwapa, wakarudishiwa mchele usiokobolewa sana. Uchunguzi huo ulimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1929. Nakitaja kwa sababu baadhi ya wafugaji wa Ukunda na Diani hulisha makombo ya wali wa hotelini na kudhani kuku wamepata neema. Wali mweupe peke yake haumtoshi kifaranga. Pumba ndiyo iliyobaki na vitamini hiyo.

Vitamini E nayo huharibika mafuta ya chakula yanapovunda. Machicha ya nazi yaliyolala, au gunia la chakula lililokaa miezi kwenye joto na unyevu wa hapa kwetu, ni hatari kwa vifaranga. Unga wa vitamini mchanganyiko wa kutia majini hupatikana kwenye maduka ya dawa za mifugo. Fuata kipimo cha pakiti. Usiongeze kwa kukisia, hasa ukiwa na seleni ndani yake, kwani seleni ikizidi ni sumu. Dawa za antibiotiki nazo usinunue kwa ushauri wa jirani. Muulize daktari wa mifugo kama zinahitajika, na baada ya siku ngapi kuku huyo anaweza kuliwa.

Jeraha dogo la msuli huanza kuonyesha nafuu ndani ya siku chache, ingawa shingo kunyooka kabisa huweza kuchukua wiki kadhaa. Lakini kifaranga asiyemeza kitu baada ya siku 2 au 3, aliyepooza miguu au anayehema kwa shida, anateseka bure. Kumchinja hapo si ukatili. Ukishuku kuwa ni ugonjwa, asiliwe. Afukiwe kwenye shimo refu, mbali na kisima.

Kuhusu kideri, chanjo ni kwa walio wazima tu na haimponyi aliyeugua. Hutengenezwa hapa nchini na taasisi ya serikali, KEVEVAPI, na kuku wa kienyeji hurudiwa kila baada ya miezi 3 hivi. Chupa moja hutosha kuku wengi kuliko wa boma moja, kwa hiyo mkichanga majirani watano au sita gharama inakuwa ndogo. Mnunue siku mtakayochanja, mwibebe kwenye ubaridi, na ile inayochanganywa na maji msiiweke kwa ajili ya kesho.

Kwa Katiba ya 2010, kudhibiti magonjwa ya wanyama ni kazi ya serikali ya kaunti, kwa hiyo usione haya kwenda ofisi ya wadi yako kwa ajili ya kifaranga mmoja. Beba maelezo: umri wake, alichokula, ameanza lini, na wenzake wako vipi.

Yule wa Mwabungo alianza kuinua kichwa siku ya nne. Shingo bado ina upogo kidogo, na akidonoa hukosa punje ya kwanza akapata ya pili. Mwenyewe ameshawawekea vifaranga tenga la kushindia mchana, lenye wavu juu.