Starehe katika Njia ya Hija: Mfano wa Santiago de Compostela

Wazo la hija huenda sambamba na wazo la taabu. Hujaji hutazamiwa kuchoka, kuona kiu na kufika akichechemea. Ndiyo maana watu wanaposikia kwamba yuko hujaji alalaye hotelini, ambaye mfuko wake husafirishwa kwa gari, huuliza mara moja: Je, huyo ni hujaji kweli, au ni mtalii tu? Makala haya yanakusudia kulichunguza swali hilo kwa kutazama njia moja mashuhuri, yaani ile iendayo Santiago de Compostela, kaskazini-magharibi mwa Hispania.

Kabla ya yote yafaa kulipima neno lenyewe. Starehe ni neno lenye asili ya Kiarabu, na maana yake ya msingi ni kupumzika. Mwenyeji humwambia mgeni anayetaka kuinuka: "Starehe!", yaani asijisumbue. Anasa ni jambo jingine: ni ziada ipitayo haja. Katika maelezo yafuatayo, starehe itachukuliwa kuwa ni kuondolewa adha isiyo ya lazima.

1. Njia yenyewe

Kwa mujibu wa mapokeo ya Kanisa, kaburi la Mtakatifu Yakobo Mtume lilitambuliwa huko Galicia katika karne ya 9, zama za Mfalme Alfonso II wa Asturias. Kanisa lilijengwa, mji ukakua kulizunguka, na watu wakaanza kuuendea kutoka pande nyingi za Ulaya. Njia iliyo maarufu kuliko zote huitwa Njia ya Kifaransa. Huanzia Saint-Jean-Pied-de-Port, chini ya milima ya Pyrenees upande wa Ufaransa, hupita Roncesvalles, Pamplona, Burgos na León, na hufika Santiago baada ya kilomita zipatazo 780. Mtembezi wa kawaida huhitaji kama majuma matano.

Baada ya kufifia kwa muda mrefu, njia hiyo ilifufuliwa katika nusu ya pili ya karne ya 20. Padri Elías Valiña, paroko wa kijiji cha O Cebreiro, alianza mwaka 1984 kupaka mishale ya rangi ya manjano kwenye mawe, miti na kuta, ili wapitao wasipotee. Mishale hiyo ndiyo ielekezayo watu hata leo. Mwaka 1987 Baraza la Ulaya liliitambua njia hiyo kuwa njia ya kiutamaduni, na mwaka 1993 sehemu yake ya Hispania iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mwaka huo wa 1993, ambao ulikuwa Mwaka Mtakatifu, mahujaji karibu 100,000 walipewa cheti cha kuwasili. Mwaka 2024 walikuwa karibu 500,000.

Cheti hicho, kiitwacho Compostela, hupewa mtu aliyetembea angalau kilomita 100 kwa miguu, au aliyekwenda kilomita 200 kwa baiskeli. Ushahidi wake ni kijitabu kinachogongwa mihuri njiani, makanisani, kwenye nyumba za kulala na hata mikahawani. Kwa sababu ya kanuni hiyo, karibu theluthi ya mahujaji huanzia mji wa Sarria, ulio umbali wa kilomita 115 hivi kutoka Santiago, na humaliza kwa siku tano au sita. Ikumbukwe kwamba kanuni hiyo haisemi neno juu ya mzigo wala juu ya kitanda. Yadai miguu tu.

2. Starehe ya kale

Wengi hudhani kwamba mahujaji wa zamani walitembea pasipo msaada wowote. Historia ya njia yasema vingine. Kitabu cha karne ya 12 kijulikanacho kama Codex Calixtinus kina sehemu nzima iliyoandikwa kuwa mwongozo wa msafiri. Mwandishi wake anataja mito yenye maji mazuri na ile yenye maji ya kuua, nchi zenye mkate na zisizo na mkate, na wavushaji wakorofi wanaotoza kupita kiasi na kujaza watu mtumbwini hadi ukaribie kuzama. Anaigawa safari ya kutoka Pyrenees katika vituo 13, na baadhi ya vituo hivyo ni vya mtu aliyepanda farasi. Kwa hiyo, tangu karne hiyo walikuwako waliokwenda bila kuchosha nyayo zao.

Aidha, njia ilijengwa na watu waliotaka kumpunguzia hujaji adha. Domingo de la Calzada, aliyefariki mwaka 1109, alitengeneza barabara, akajenga daraja juu ya mto Oja na nyumba ya kuwapokea wasafiri. Mji uliokua mahali hapo unaitwa kwa jina lake. Daraja la mawe la Puente la Reina nalo lilijengwa katika karne ya 11 kwa ajili ya wapitao. Huko Santiago, Mfalme Fernando na Malkia Isabel, waliozuru mwaka 1486, waliamuru ijengwe hospitali kubwa ya mahujaji karibu na kanisa kuu. Nani angesema kwamba daraja huharibu hija kwa kuwa huondoa hatari ya kuzama?

Yalikuwako pia mambo yaliyozidi starehe. Watu wenye mali waliacha fedha katika wasia ili mtu mwingine atembee kwa niaba yao. Mahakama za miji ya Flanders ziliwahukumu wakosaji kwenda hija za mbali, lakini mara nyingi mkosaji aliruhusiwa kulipa fedha badala ya kwenda. Hapo haikuondolewa adha peke yake. Iliondolewa safari yenyewe.

3. Starehe ya leo

Atakaye kutembea kwa raha siku hizi ana njia kadhaa. Ya kwanza ni kutuma mfuko. Asubuhi huuacha mapokezini ukiwa na kibandiko cha jina na kituo kifuatacho. Gari huuchukua, na jioni huukuta umefika. Gharama ni euro chache kwa kila kituo. Mtembezi hubaki na mfuko mdogo wenye maji, koti la mvua, chakula kidogo na kijitabu chake cha mihuri. Anayeamua kubeba mwenyewe hushauriwa mzigo usizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa mwili wake.

Ya pili ni kulala katika nyumba za wageni au hoteli zilizowekewa nafasi mapema, badala ya mabweni ya mahujaji ambamo makumi ya watu hulala chumba kimoja. Ya tatu, nayo ndiyo muhimu kuliko zote ingawa haigharimu kitu, ni kupunguza mwendo. Kilomita 15 hadi 20 kwa siku humwachia mtu nafasi ya kukaa chini ya mti, kuingia kanisani na kuzungumza na wenyeji. Viatu visiwe vipya. Soksi zibadilishwe mara zinapolowa. Lengelenge litunzwe mapema kabla halijapasuka. Miezi ya Mei, Juni na Septemba huwa na hali ya hewa ya wastani, ilhali Julai na Agosti jua la nyanda za Castilla huwa kali, na vivuli ni haba.

Kwa mzee, kwa mgonjwa wa mgongo, au kwa mtu aliyepona karibuni, huduma hizi si anasa hata kidogo. Ndizo zinazomwezesha kwenda badala ya kubaki nyumbani.

4. Mzigo ulikwenda wapi?

Hata hivyo, mzigo ulioondolewa mgongoni haukutoweka. Kiswahili chalijua jambo hili vizuri, kwani katika karne ya 19 neno mpagazi lilisafiri pamoja na misafara kutoka pwani hadi Ujiji na Kasongo, na watu waliobebeshwa mizigo ya wengine walikuwa maelfu. Wahenga walisema: Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Asiyeubeba huuona mwepesi. Katika njia ya Santiago dereva huzunguka vijijini akipakia mifuko mizito, na mtandika vitanda huanza kazi mara wageni wanapotoka. Hujaji mstarehe hutembea juu ya jasho lao.

Deni la pili ni kwa hujaji asiye na fedha. Nyumba nyingi za umma haziwekei mtu nafasi wala hazipokei mifuko iliyotangulizwa. Kitanda ni cha anayefika kwanza. Katika miezi yenye watu wengi, asiye na hoteli huamka kabla ya alfajiri na kukimbilia kitanda, huku mwenye nafasi iliyowekwa akinywa kahawa bila haraka. Hivyo starehe ya mmoja yaweza kuambatana na haraka ya mwingine katika njia ileile. Zimebaki pia nyumba ambamo mgeni hutia sandukuni kiasi apendacho, na hizo hutegemea ukarimu wa wale wawezao kulipa zaidi.

Mfano wa hospitali ya Santiago wafundisha mengi. Mwaka 1954 iligeuzwa kuwa hoteli ya kifahari. Jengo lililojengwa ili maskini apokewe bure likawa mahali pa kulala mwenye uwezo. Lakini desturi moja ilibakizwa: kuwalisha bure mahujaji kumi kwa siku. Kumi ni wachache mno, ila desturi hiyo yakumbusha starehe ya nyumba ile ilianza kwa ajili ya nani.

Hitimisho

Imeonekana kwamba starehe si ngeni katika njia ya hija; madaraja, barabara na hospitali ni starehe za kale zilizozoeleka hata zikasahauliwa kuwa ni starehe. Tofauti kubwa kati ya zamani na sasa ni kwamba ya zamani mara nyingi ilitolewa kuwa sadaka, na ya leo hununuliwa. Kwa hiyo kipimo cha hujaji si uzito wa mfuko wake. Hapana budi aulizwe mambo mawili: Je, ametembea mwenyewe? Na je, amemtambua aliyembebea, na yule aliyekosa kitanda? Ajibuye ndiyo kwa yote mawili amehiji, hata kama usiku alilala kwenye shuka safi.