Mkaa, mvua na mfuko: Mwananchi wa kawaida abadilike kwa kiasi gani?

KILA msimu wa mvua unapochelewa, au mvua inapokuja na mafuriko, habari za mabadiliko ya tabianchi husikika redioni, kwenye mikutano ya vijiji na hata sokoni. Baada ya habari hizo hufuata ushauri: mwananchi abadili mwenendo wake wa maisha. Aache mkaa, apande miti, asichome shamba, apunguze mifugo. Mkulima na mfanyabiashara mdogo husikiliza, kisha hujiuliza swali la haki kabisa: hivi jiko langu ndilo lililoharibu mvua ya dunia nzima?

Swali hilo linahitaji kujibiwa kwa hesabu. Kuna mabadiliko yanayomlipa anayeyafanya, na kuna mengine ambayo mtu mmoja hawezi kuyabeba hata akijitahidi vipi. Kuyachanganya hayo mawili ndiko kunakofanya ushauri mwingi upuuzwe.

Nani anachafua zaidi?

Kwa hewa ya ukaa inayotokana na kuchoma mafuta, gesi na makaa ya mawe, Mtanzania mmoja kwa wastani hutoa kama robo tani kwa mwaka. Mmarekani mmoja hutoa takriban tani 14. Wastani wa dunia ni kati ya tani nne na tano. Maana yake ni kwamba Mmarekani mmoja hutoa hewa hiyo sawa na Watanzania zaidi ya 50.

Mataifa yenyewe yanalijua hilo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu mabadiliko ya tabianchi, uliopitishwa mwaka 1992, unasema wajibu ni wa nchi zote, lakini mzigo haulingani. Mwaka 2009 mjini Copenhagen, nchi tajiri ziliahidi kuzisaidia nchi zinazoendelea kwa dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo 2020. Kwa hesabu za OECD, ambalo ni shirika la nchi hizo tajiri, kiwango hicho kilifikiwa kwa mara ya kwanza mwaka 2022.

Kwa hiyo, anayemwambia mama lishe wa Manzese kwamba sufuria yake ya maharage ndiyo inayoyeyusha barafu ya Kilimanjaro anamwonea. Ni kweli barafu hiyo imepungua sana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa asilimia 85 ya eneo lililokuwa na barafu mwaka 1912 lilikuwa limebaki tupu kufikia 2007. Lakini hata majiko yote ya mkaa ya Dar es Salaam yakizimwa kesho, barafu hiyo haitarudi.

Hata hivyo, takwimu hizo za robo tani haziihesabu miti inayokatwa. Takwimu za serikali zimekuwa zikitaja karibu hekta 469,000 za misitu zinazopotea Tanzania kila mwaka. Sababu kubwa ni kufungua mashamba mapya, na ukataji wa mkaa na kuni nao unachangia. Hasara ya msitu huo haisubiri kufika kwa wazungu. Chemchemi inakauka hapo hapo kijijini, udongo unachukuliwa na maji, na kuni zinafuatwa mbali zaidi. Hapa ndipo mwananchi anapokuwa na sababu yake mwenyewe ya kubadilika.

Hesabu ya jikoni

Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2009 ilieleza kuwa kaya za Dar es Salaam zilizotegemea mkaa kama nishati kuu ya kupikia zilipanda kutoka asilimia 47 mwaka 2001 hadi asilimia 71 mwaka 2007. Ripoti hiyo ilikadiria thamani ya biashara ya mkaa nchini kuwa dola milioni 650 kwa mwaka, na ilisema jiji hilo peke yake lilitumia karibu nusu ya mkaa wote.

Sehemu kubwa ya kuni hupotea kabla mkaa haujafika mjini. Tanuru la kienyeji la kufukia kwa udongo hutoa kilo 10 hadi 20 tu za mkaa kwa kila kilo 100 za kuni. Kwa wastani wa kilo 15, gunia la kilo 60 limekula kilo 400 za kuni. Kisha mkaa huo huwekwa kwenye jiko la bati tupu, ambalo hupoteza joto jingi pembeni.

Jiko banifu lenye kikombe cha udongo ndani yake, la aina iliyoanza kuenea Kenya miaka ya 1980, hupunguza matumizi ya mkaa kwa kati ya asilimia 30 na 50. Chukulia mfano wa mama lishe anayenunua mkaa wa Sh 4,000 kwa siku na kufanya kazi siku sita kwa wiki. Akiokoa theluthi moja tu, anabakiwa na Sh 8,000 kila wiki. Jiko la Sh 24,000 litakuwa limejilipa kwa wiki tatu, na baada ya hapo akiba ni yake. Bei hutofautiana mahali na mahali, hivyo kila mmoja aweke bei za sokoni kwake. Hesabu ni ile ile.

Yapo mengine yasiyohitaji mtaji. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva mapema kuliko makavu. Sufuria iliyofunikwa hutumia moto mdogo kuliko iliyo wazi. Kuni zilizokauka vizuri hutoa joto zaidi na moshi kidogo, na moshi huo ndio unaowaumiza mama na watoto wanaoshinda jikoni.

Gesi ya kupikia ni safi zaidi, lakini ina kikwazo ambacho watoa ushauri wengi hukisahau. Mkaa huuzwa kwa kopo, kulingana na fedha iliyopo mfukoni siku hiyo. Mtungi wa gesi, hata ule mdogo wa kilo sita, hujazwa kwa mkupuo. Mwenye kipato cha kutwa hachagui mkaa kwa sababu ya ujinga. Anachagua kile kinachouzwa kwa kipimo anachokimudu. Mitungi yenye mita, ambayo mtumiaji hulipia kidogo kidogo kwa simu, imekwisha kujaribiwa Dar es Salaam. Njia nyingine ni vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo vinaweza kumkopesha mwanachama fedha ya mtungi wa kwanza akarejesha kwa wiki.

Shambani

Kwa mkulima, mabadiliko yenye maana zaidi yanahusu udongo na maji. Mfano mzuri ni kilimo shadidi cha mpunga, ambacho skimu ya Mkindo wilayani Mvomero, mkoani Morogoro, ilikuwa miongoni mwa za kwanza nchini kukijaribu. Miche huhamishwa ikiwa michanga, ya siku 8 hadi 12, ikapandwa mmoja mmoja kwa nafasi ya sentimita 25 kwa 25. Shamba halijazwi maji muda wote. Linanyweshwa, linaachwa likauke kidogo, kisha linanyweshwa tena.

Faida ya kwanza ni ya mkulima: mbegu kilo chache tu kwa ekari, na maji yanayoweza kupungua kwa hadi asilimia 30. Faida ya pili ni ya dunia, kwa sababu jaruba lililojaa maji muda mrefu hutoa gesi ya methani, na kulikausha mara kwa mara hupunguza gesi hiyo kwa karibu nusu. Gharama yake ni palizi. Majani huota zaidi pasipo na maji, hivyo mkulima ajiandae kwa kibarua cha ziada au mashine ndogo ya kupalilia.

Mfano mwingine unatoka Usukumani. Ngitili ni utaratibu wa asili wa Wasukuma wa kutenga eneo la malisho lisiguswe wakati wa mvua, ili mifugo ipate nyasi wakati wa kiangazi. Miti ilikuwa imefyekwa kwa miaka mingi kutokomeza mbung'o na kufungua mashamba ya pamba, na kuhamia vijijini miaka ya 1970 kukawatenganisha watu na maeneo yao ya zamani. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizobaki zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimezidi hekta 300,000, na mwaka 2002 mradi huo ukapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Familia zilizotenga ngitili zilikuwa zikitafuta nyasi, kuni, nguzo, dawa na asali. Hewa ya ukaa iliyohifadhiwa kwenye miti hiyo ilikuja kama nyongeza.

Mchoma mkaa naye ni mkulima

Watu wa mjini wakiacha mkaa, kuna anayepoteza kipato. Wachomaji wengi ni wakulima wanaotafuta fedha ya sare za shule na matibabu baada ya mavuno kuisha. Kuwafukuza porini bila kuwapa njia nyingine ni kuwahamishia msitu wa kijiji cha pili.

Wilayani Kilosa ilijaribiwa njia tofauti kuanzia mwaka 2012, kwa usimamizi wa Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania. Vijiji viligawa sehemu ndogo ya msitu wao katika vipande vya mita 50 kwa 50. Kipande kimoja huvunwa na cha jirani huachwa, na kilichovunwa hupumzishwa miaka 24 huku visiki vikichipua upya. Wachomaji hulipa ushuru kijijini, na fedha hizo zimejenga madarasa na huduma nyingine. Mkaa unaendelea kuuzwa, na msitu unabaki.

Mmoja mmoja hatufiki mbali

Januari 2006 serikali ilipiga marufuku biashara ya mkaa. Bei ilipanda, watu wa mjini hawakuwa na mbadala, na katazo hilo likaondolewa baada ya muda mfupi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, umeweka lengo kwamba asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Lengo hilo litategemea bei, usambazaji vijijini na mikopo midogo kuliko matangazo.

Kwa mkulima na mfanyabiashara, mpangilio wa busara ni kuanza na lile linalorudisha fedha haraka: jiko banifu, kufunika sufuria, kuacha kuchoma mabua ili yawe matandazo shambani. Lifuate lile linalolipa kwa misimu: kilimo shadidi, samadi na mboji, miti mipakani mwa shamba. La tatu ni lile lisilowezekana bila wenzake: sheria ndogo za kijiji kuhusu moto na ukataji, na kudai mkutano mkuu wa kijiji usomewe mapato na matumizi ya ushuru wa mazao ya misitu.

Deni la hewa ya dunia lina wenyewe, na viongozi wanaokwenda kwenye mikutano ya kimataifa wana kazi ya kulidai. Mkulima asingoje lilipwe ndipo afunike udongo wake. Mvua ikichelewa tena, shamba litakalokauka kwanza ni lake.