Intaneti ya Akiba Nyumbani

Tarehe 12 Mei, 2024, mikongo miwili ipitayo chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilikatika, na intaneti ikadhoofika Tanzania, Kenya na nchi jirani. Tangu hapo wengi watuuliza: je, yafaa kununua dishi la setilaiti?

Kwanza tufahamu kuwa setilaiti si za namna moja. Ziko zikaazo mbali, yapata kilomita 36,000. Habari kwenda na kurudi huchukua zaidi ya nusu sekunde, na mazungumzo hukawia. Nyingine, kama za Starlink, iliyoanza kazi Kenya mwaka 2023, huzunguka chini ya kilomita 600, nazo hujibu upesi. Hata hivyo, setilaiti nazo hushusha habari kwenye vituo vya nchi kavu, kwa hiyo hazijitengi kabisa na mikongo.

Pili, dishi lataka mbingu wazi. Mwembe uliofunika paa huliziba. Tatu, lataka umeme. Asiye na betri wala sola, taa zikizimika, na dishi huzimika.

Basi shauri letu ni hili. Pasipofika waya wala simu nzuri, setilaiti na iwe njia ya kwanza, ikiwa imeruhusiwa nchini. Aliye mjini, akihofia saa chache tu, laini ya kampuni nyingine ya simu yaweza kumtosha kwa gharama ndogo.

Akiba haiozi, wamesema wahenga. Lakini hii yapasa kujaribiwa kila mwezi, kabla ya siku ya mgonjwa kuhitaji daktari.