Kioo, Kikopo na Matarajio Yetu



Msimu wa harusi ukaribiapo, sisi wa Sydney huwaagiza wasafiri watokao Mombasa na Dar es Salaam vitu viwili: leso na vikopo vya mkorogo. Leso hatuna neno nazo. Leo tutazungumzia vikopo.

Hatusemi kwamba kujipamba ni aibu. Hina, udi na liwa tumevirithi kwa bibi zetu. Tunalouliza ni hili: mtu anapojipaka, anatarajia nini?

Baadhi ya vikopo hivyo vina zebaki au haidrokwinoni. Zebaki huizuia ngozi kutengeneza rangi yake, lakini haibadilishi asili. Ukiacha kupaka, rangi hurudi. Ukiendelea, sumu hiyo hudhuru figo, na humfikia mtoto aliye tumboni. Haidrokwinoni nayo, ikitumiwa muda mrefu bila daktari, huweza kuacha madoa ya buluu na weusi yasiyotoka kwa urahisi. Novemba 2023, nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata ziliafikiana kukomesha ifikapo 2025 vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki.

Dada mmoja wa jamii yetu alimwendea daktari kwa madoa ya uso yaliyomtokea alipokuwa mjamzito. Alitaka uso wa usichana wake. Akaambiwa: yatapungua, huenda yasiishe, na jua la hapa litayarudisha usipojikinga. Alitoka amenuna. Leo yameshafifia, wala hajifichi tena picha zinapopigwa.

Tangu tarehe 1 Julai 2023, kanuni za Bodi ya Madaktari ya Australia zinamtaka mwenye kutafuta upasuaji wa urembo aje na barua ya daktari wa kawaida, ahudhurie mashauriano ya kabla ya upasuaji walau mara mbili, na achunguzwe jinsi anavyouona mwili wake. Kisha hungoja siku 7 kabla ya kuweka miadi ya upasuaji au kulipa amana. Kanuni hizo hazihusu vikopo, lakini busara yake yatufaa.

Basi nasi tuazime siku hizo 7. Tujiulize: ni nani aliyetuambia rangi yetu ni kasoro? Ikiwa tunachotafuta ni mapenzi ya mume au heshima ya mawifi, hakuna kikopo chenye dawa hiyo. Tena mabinti zetu wanatutazama tunapojitazama kiooni.

Aliyekwisha kutumia asione haya: akichukue kikopo chake, amwonyeshe daktari.

Wabillahi tawfiq.