Kuinua pikapu ya koperative: tuanzie wapi?

Wandugu wakulima, muhogo mubichi unaharibika ndani ya siku 2 ao 3, na pikapu yetu inakwaruza tumbo kwenye matope. Tununue vifaa vya kuiinua?

Kwanza tuangalie resori za nyuma. Kama mabamba yake yamelala ao moja limepasuka, tubadilishe hayo pamoja na amortisa zilizochoka: gari itarudia urefu wake, na feza kidogo inabaki kwenye sanduku. Kama bado iko chini, sentimita 5 zinatosha. Amortisa zilingane na urefu mupya, fundi anyooshe magurudumu, mipira ya breki isivutike.

Lakini tusidanganyane: kuinua gari hakuongezi kilo za kubeba. Gari ya juu inapinduka upesi kwenye mutelemko, na wandugu zetu njo wanaikaa juu ya mifuko.