Rubani wa Kibera, Dereva wa 46

Mtoto wa miaka sita wa Kibera akikuambia atakuwa rubani, usishangae. Uwanja wa ndege wa Wilson hauko mbali, kando ya barabara ya Lang'ata, na ndege zake ndogo zinaonekana juu ya mabati kutwa nzima. Wa Kawangware naye ana matatu za njia ya 46, zenye michoro na muziki unaotikisa vioo, kwa hiyo atataka kuwa dere wa nganya, au makanga anayening'inia mlangoni. Mama aliyeshinda akifua nguo za watu Lavington, akimsikia mwanawe akiahidi kumrusha hadi Dubai, lazima acheke. Kicheko hicho hakina ubaya. Ubaya huanza pale mzazi anapodhani kwamba ndoto ile inamweleza mtoto alivyo, ilhali kwa kiasi kikubwa inaeleza kazi ambazo mtoto amewahi kuziona zikifanywa.

Ushahidi upo. Mwaka 2018 shirika la Uingereza la Education and Employers lilitoa matokeo ya michoro ya watoto zaidi ya 20,000 wa miaka 7 hadi 11, kutoka nchi 20, walioombwa kuchora kazi wanazozitaka. Wengi walichora kazi za jamaa zao au za watu wanaowaona kwenye televisheni. Walioijua kazi kupitia mgeni aliyewatembelea shuleni hawakufika hata mmoja katika mia. Hapa kwetu Kenya hali ni hiyo hiyo. Mwalimu wa dansi Mike Wamaya alipoanza kufundisha baleti Kibera, walitokea watoto wanaotaka kuwa wacheza baleti. Kipaji hakikuletwa na mwalimu. Kilichoongezeka ni kitu cha kutazama.

Mwanasaikolojia wa Marekani Linda Gottfredson alieleza mwaka 1981 kwamba watoto hawakui kwa kuongeza ndoto bali kwa kuzifuta. Kati ya miaka sita na minane huondoa kazi wanazodhani ni za jinsia nyingine, na baada ya hapo huondoa zile wanazoziona si za watu wa hadhi yao. Hapo ndipo neno la mzazi lina uzito. Msichana akiambiwa kwa utani tu kwamba urubani ni wa wavulana, anaufuta, naye anaishi karibu na uwanja wenye jina la Florence Wilson, mwanamke aliyeanzisha kampuni ya ndege Nairobi mwaka 1929!

Kuna wazazi watakaosema haya ni maneno ya watu walioshiba: karo haijalipwa, maji yananunuliwa kwa mtungi, shule ya mtaani haina maabara, halafu mtoto apambwe kwa matumaini ya udaktari? Hoja hiyo ina uzito, na anayempa mtoto ahadi asizoweza kuzitimiza anamdanganya kweli. Lakini mtoto wa miaka sita haombi karo ya chuo cha urubani. Anaomba asikilizwe, jambo lisilogharimu hata shilingi. Mfumo wetu wa elimu wenyewe haumtaki achague mapema: ni baada ya Gredi ya 9 ndipo anapoingia mkondo wa sayansi na teknolojia, wa sayansi ya jamii, au wa sanaa na michezo. Kumrekebisha miaka tisa kabla ya siku hiyo ni haraka isiyo na faida. Wengine husema anayetaka kuwa makanga akemewe mapema, asije akaishia stejini. Mimi naona aulizwe anapenda nini pale. Pengine ni kuhesabu pesa kwa kasi, pengine ni kuongea na watu, pengine ni injini, na kila jibu linafungua kazi nyingine tano ambazo hajazisikia.

Hata hivyo mzazi peke yake hawezi kumwonyesha mtoto kazi asizozijua yeye mwenyewe. Basi wewe fundi wa ndege pale Wilson, wewe muuguzi wa hospitali ya Mbagathi, wewe mhasibu uliyelelewa Gatina kule Kawangware ukahama, mwombe mwalimu mkuu wa shule moja ya Kibera au Kawangware nusu saa ya Ijumaa, uende na vifaa vyako vya kazi, na uwaache watoto wavishike.