Gari likipoteza nguvu na mupunga wenu juu

Ndugu wanamemba wa koperative, msimu huu wa mvua tulipakia mupunga Kabambare kuupeleka Kasongo. Tulipofika chini ya kilima, gari likaishiwa nguvu. Taa ya manjano ikawaka mbele ya shofa. Alikanyaga akseleratere mpaka chini, lakini moteri ilinguruma polepole tu, kama mtu mwenye homa. Shofa akasema pompi ya mafuta imekufa, tulale pale pale. Kulala porini na magunia ya watu? Mama mmoja aliyesafiri na mzigo wake alikataa kabisa.

Pompi haikufa. Gari lilikuwa linajilinda.

Kwenye magari ya zamani, kamba ya chuma inatoka kwenye pedali mpaka kwenye papiyo, ule mlango mdogo unaoingiza hewa ndani ya moteri. Ukikanyaga, kamba inavuta, mlango unafunguka. Magari mapya ya esanse hayana ile kamba. Kwenye pedali kuna vipimo viwili vinavyotuma habari kwa waya hadi kompyuta ya gari, na kompyuta ndiyo inaamuru moteri ndogo ya umeme izungushe papiyo. Papiyo nayo iko na vipimo viwili. Juu ya nini viwili viwili? Ni kama mizani mbili za koperative: zikipishana, hamupimi tena mpaka mujue ipi inadanganya. Kompyuta ikiona vipimo vya papiyo havikubaliani, inaogopa mlango usibaki wazi na gari likakimbia lenyewe. Inakata umeme. Resori inairudisha papiyo mahali pake pa kupumzika, wazi kidogo tu. Moteri haizimi, ila inapata hewa ya kukufikisha nyumbani taratibu.

Kikiharibika kipimo kimoja cha pedali, magari mengi yanaendelea na kile kingine, kwa nguvu ndogo. Dizeli za kisasa zinajibana kwa kupunguza mafuta. Dizeli ya zamani yenye kamba haijui mambo haya, ndiyo maana mafundi wetu wengi bado wanaipenda.

Sisi tulizima kontaki, tukangoja, tukaangalia vichwa vya batiri, sababu umeme hafifu pia unaleta ugonjwa huu. Kisha tukafungua fishi ya papiyo: maji, matope, na kutu ya kijani. Tuliikausha kwa kitambaa, lakini taa haikuzima. Basi tukashusha nusu ya magunia, tukayapandisha kilima kwa mabega, gari likafuata nyuma kwa mwendo wa miguu.

Musifunge papiyo kwa waya ili ibaki wazi, vile tulishaona mtu akijaribu. Kwenye mteremko hiyo ni kifo. Tena musichomoe batiri ili kuzima taa kabla fundi hajasoma kosa kwa mashine yake, maana linaweza kufutika.

Tuliingia Kasongo usiku. Fundi alisafisha ile fishi asubuhi, na gunia za yule mama zilikuwa zimekwisha kupimwa, kavu.